Mashine ya kupokea ujumbe wa simu ya nyumbani: ulizia ishara kabla hujalipa

Siku 9. Ndizo ambazo ujumbe wa kliniki ulikaa bila kusikilizwa, na mashine niliyoinunua mwenyewe kwa dola 35 ilikuwa pale juu ya kabati, taa imetulia, ikionyesha ujumbe sifuri.

Mama mkwe anaishi nasi hapa Minneapolis, na simu yake ni ya mezani. Ya mkononi haitaki. Asubuhi hiyo alikuwa akizungumza na dada yake aliyeko Tanga. Kliniki ikapiga, ikakuta laini inatumika, ikaachia ujumbe kwenye huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni ya simu, inayouhifadhi kwao, si nyumbani. Mashine yetu haikujua lolote, maana yenyewe hupokea pale tu simu inapoita. Miadi ya macho ilikuwa imehamishwa. Tukafunga safari kwenye theluji, tukarudishwa.

Wengine mtaniambia nifute huduma ya kampuni. Hapana, baki na vyote viwili. Kwenye mashine Mama anabonyeza kitufe kimoja na kusikia sauti ya mtu wake, hana namba ya siri ya kukumbuka. Lakini umeme ukikatika mashine imekufa, na laini ikiwa na mtu haipokei; hapo kampuni ndiyo inayookoa. Sharti ni moja: mashine ikuonyeshe kuwa kule kwa kampuni nako kuna ujumbe. Kampuni hutuma ishara, au huukatakata mlio wa laini, ukiinua simu unasikia tu-tu-tu kabla haujanyooka. Mama akiinua anapiga hapo hapo, hasikilizi milio. Na ile mashine yangu haikutambua ishara yoyote.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Panasonic, zile simu za KX-TG zenye mashine ya ujumbe ndani, na sifichi kwamba naipendelea. Ujumbe wa kampuni ukiingia, kioo kinauandika kwa maneno. Nimemwonyesha Mama maneno yanavyokaa, sasa ananiita mwenyewe. Tena unachagua ipokee baada ya miito mingapi, kuanzia 2 hadi 7. Hapa Marekani mwito mmoja pamoja na kimya chake ni sekunde 6. Kampuni ikichukua baada ya miito 4, una sekunde 24 tu. Weka 2. Ule mpangilio wa kuokoa gharama usiuguse: ukiwa na ujumbe mpya hupokea mwito wa 2, usipokuwa nao husubiri wa 4, basi leo inashika mashine, kesho kampuni.

Ya pili ni VTech, pamoja na zenye jina la AT&T ambazo VTech ndiye anayezitengeneza. Simu hizi zinaitambua ishara, na kijitabu chao kinaeleza wazi kuwa mashine iitangulie kampuni kwa angalau miito 2. Ninacholalamikia ni kile kibahasha kwenye kioo. Ni kidogo mno kwa macho ya mzee, na wakati mwingine hubaki hata ujumbe wote ukishafutwa, mpaka uingie kwenye menyu ukiondoe.

Mashine tupu za bei rahisi, za kuchomeka kando ya simu: kama huna huduma ya kampuni, chukua. Kama unayo, ziache.

Wauzaji ndio wanaoniudhi. Boksi limeandikwa dakika za kurekodi kwa herufi kubwa, lakini habari ya ishara imefichwa kwenye kijitabu usichokifungua mpaka ulipe. Nilimuuliza kijana wa dukani, akasema zote ni sawa. Nilipoirudisha ile mashine yangu ya kwanza, wakanikata dola 5 eti nimefungua boksi. Pakua kijitabu kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta ukurasa wa ujumbe wa sauti, usome kabla hujatoa pesa. Halafu ipigie kampuni yako uulize wao huchukua baada ya miito mingapi. Yangu ilinizungusha dakika 40, kutoka mtu huyu hadi yule, ndipo nikajibiwa: minne.