REAPER ku mashini ya giga 4: ona vile frizi inaokoa muziki yako

Jambo yenu bayaya na baleki, karibuni tena hapa Lubumbashi! Laptop munaona hapa ni ya zamani, RAM giga 4, na ndani yake kuko amapiano nzima inacheza. Bengi munaniandikia eti muziki ya elektroniki inataka mashini ya bei kali. Hapana!

REAPER ni programu ya kurekodi na kutengeneza muziki ku mashini, ni ya Cockos, kampuni ya Justin Frankel yule alitengeneza Winamp, kuidaunlodi inakamata kama mega 15 tu, forfe ndogo inatosha. Tupite.

Kitu nataka muone ni FRIZI, njo kugeuza trak kuwa faili ya sauti ya kawaida ili prosesa apumuzike. Angalieni vidole: Ctrl+Alt+P, dirisha inafunguka, inaonyesha trak kwa trak nani anakula prosesa. Kiki, kidogo sana. Log dramu, ile besi ya amapiano, naipigia na Dexed, sintesaiza ndogo, hana shida. Sasa ona hii pad, ile sauti ndefu ya nyuma, ya Vital, sintesaiza ingine, yenye riverbu (mwangwi) juu yake, yeye peke yake anakula kuliko trak zingine zote pamoja! Nacheza... mumesikia ile krr-krr? Spika iko muzima, prosesa njo anashindwa kufikisha sauti kwa wakati. Bengi hapo banapandisha bafa, ile akiba ya sauti prosesa anatayarisha mbele, mupaka 1024, kwa kumiksi ni sawa, lakini ku 44100 Hz ile ni kuchelewa kwa karibu milisekunde 23, ukipiga kibodi noti inakuja nyuma ya kidole, groove inakufa.

Fanya hivi. Chagua trak, panda juu ku Track, shuka ku Render/freeze tracks, kisha Freeze tracks to stereo. Ngoja... inaenda... tayari! Pad yote imekuwa faili ya sauti ya wav, Vital ametoka mu mzigo, RAM inapumua. Angalia mita ya prosesa sasa, karibu sifuri! Nacheza tena. Sikia basi, safi kabisa!

Ni kama kuchemsha maharagi asubuhi, makala ikiwa ingali na moto, jioni unakaanga tu. Na muimbaji akikuja anataka akodi ibadilike? Unfreeze tracks, noti zako za MIDI, zile ulipiga ku kibodi, zote zinarudi, Vital na nobu zake vile uliziacha. Mimi hii njo napenda kuliko bintu byote bya hii programu, na umeme ikikatika betri nayo inadumu zaidi juu prosesa hafanyi kazi mingi. Lakini chunga diski: stereo ya 24 bit ku 44100 inakula karibu mega 16 kila dakika, frizi trak kumi za dakika 4 ni mega 640 zimeenda.

Najua, hapa kwetu kila chumba cha biti iko na FL Studio, programu ingine ya muziki, na FL inakupa masauti mingi. REAPER inakuja mutupu, hakuna hata kiki moja! Ile inanikasirisha kweli, lazima utafute sampo zako mwenyewe. Lakini demo ya FL ukisev projet haikufungulii tena mupaka ulipe, REAPER inakupa siku 60 na kila kitu kiko wazi. Kisha ni dola 60, ama 225 kama biashara yako inapita dola 20,000 kwa mwaka. Bei muzuri... ee, tuseme kweli, dola 60 kwa kijana wa Katuba ni pesa, na bado utafute karti ya kulipia ku intaneti. Hata vile mi nasema weka pembeni kidogo kidogo, ukinunua leo ku versioni 7 unapata masasisho mupaka 8 imalizike, kuliko krak yenye virusi inayokula projet zako.

Ingine: kuanzia sasa video zitatoka siku ya yenga, hakuna tena siku ya posho, abonneni ili isiwapite. Na ule leki aliuliza juu ya mashini ya 32 bit, ndiyo, ku site ya REAPER bado iko ile ya Windows 32 bit, kamata ile, frizi iko ndani vilevile.