Chai ya kijani kwa maji ya Dodoma: uzoefu wangu wa miezi mitano

Nauza chai, nianze na hilo ili ujue maneno haya yanatoka kwa nani. Nina banda la chakula upande wa Mtumba, jirani na Mji wa Serikali. Asubuhi chapati na supu, mchana ugali, wali na mboga. Chai nilizokuwa nazo ni mbili tu, kama kwa mama lishe wengine wote: ya rangi yenye tangawizi na ya maziwa yenye iliki. Januari mwaka huu kijana mmoja wa ofisini, mteja wangu wa kila siku, akaanza kuniuliza, "Mama, chai ya kijani huna?" Namjibu sina, baba. Kesho yake anauliza tena. Mara ya nne nikaona huyu anaona haya tu kunihama, bora nimtafutie.

Februari nikashuka sokoni Majengo nikanunua kifurushi cha robo kilo, majani matupu yasiyo ya vifuko, Sh 9,000. Muuzaji ana maneno huyo! "Mama, hii inayeyusha mafuta kama sabuni ya unga. Wiki mbili kitambi hakipo." Nikamwambia sijaja hapa kuuliza habari za kitambi. Kifurushi chenyewe kilikuwa na orodha ya magonjwa mgongoni, kisukari, presha, mpaka upungufu wa nguvu. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, lakini nilikuwa na mteja wa kumridhisha.

Siku ya kwanza niliipika ninavyopika chai zote. Sufuria jikoni, maji yatokote, majani vijiko vitatu, iachwe ichemke mpaka itoe rangi. Rangi haikutoka. Nikaongeza majani, nikakoleza mkaa. Baada ya dakika kumi nikaipua kitu cha rangi ya tope, juu kina utando unaong'aa kama mafuta ya taa kwenye dimbwi, na uchungu wa mwarobaini. Yule kijana akanywa funda moja, akaweka kikombe chini taratibu, akasema ahsante Mama, akaagiza ya maziwa.

Mpwa wangu anasomea uuguzi UDOM, na Jumapili huja kwangu kula. Yeye ndiye aliyenicheka kwanza, kisha akanieleza. Kumbe mti ni mmoja. Jani la chai tunayoijua, ya Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto, likichumwa hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi, ndipo likaushwe kwa moto. La kijani huwahiwa. Likishachumwa tu hupigwa joto lisipate nafasi ya kugeuka: Wajapani hutumia mvuke, Wachina hulikaanga kwenye kikaango kikubwa. Sasa mimi nikalichukua jani lililowahiwa kwa uangalifu wote huo nikalitokosa kama maharage.

Uchungu niliuelewa. Utando ule ndio ulionikaa kichwani.

Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa maji yetu. Sehemu kubwa ya maji ya mji kwa miaka yote imetoka visima virefu vya Makutupora, na ni maji magumu, yana chumvi yake. Sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze, na birika langu hujenga gamba jeupe kama chokaa. Kwenye chai ya rangi hatulioni hilo kwa sababu tangawizi na sukari vinafunika kila kitu. Chai ya kijani haina pa kujificha. Basi nikafanya jaribio, maana Februari ile mvua zilikuwa zinanyesha na simtanki la nyumbani limejaa. Vikombe vitatu, majani kiasi kile kile, joto lile lile, dakika zile zile. Kimoja maji ya bomba, kimoja maji ya mvua niliyoyachemsha, kimoja maji ya dumu la dukani.

Cha bomba kikapata ukungu na rangi ya kahawia, utando ukarudi, na mdomoni kikaacha ladha kama umelamba sarafu. Cha mvua ndicho kilichonifanya nikae chini. Kilikuwa cheupe karibu na njano ya kijani, unaona kitako cha kikombe, na harufu yake ni ya majani mabichi yaliyokatwa alfajiri, kwa mbali kama bunzi la hindi bichi lililochemshwa. Utamu mdogo unakuja mwishoni, bila sukari. Cha dumu kilikuwa katikati, hakina kosa, hakina sifa. Nikampa Baba Neema avionje bila kumwambia kipi ni kipi. Yeye si mtu wa chai, lakini aliporudia kikombe cha mvua mara ya pili nikajua.

Kwa hiyo ukinunua chai hii ukiwa Dodoma ukaiona mbaya, kabla ya kuitupa badilisha maji. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, usiikinge. Kiangazi simtanki likikauka, kama lilivyonikaukia Juni, nunua dumu kwa ajili ya chai hii peke yake. Ukishindwa, chemsha maji ya bomba jioni, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi umimine ya juu uache masimbi chini, na kwenye kikombe ukamue matone ya limau. Limau linakata ule utando palepale. Chumvi yenyewe haiondoki kwa kuchemsha, utaisikia kidogo.

Joto nalo lina hesabu yake. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100 kama ya Dar. Bado ni moto mno. Chai hii inataka kati ya 70 na 80. Mimi sina kipimajoto bandani, natumia vikombe: vitatu vya maji yanayotokota, kimoja cha maji ya mtungi yaliyochemshwa yakapoa. Inakuja karibu na 78. Kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kikombe, dakika mbili, chuja. Usiyaache majani yaogelee kwenye chupa ya chai mpaka saa nne. Utarudi kwenye mwarobaini. Majani yaleyale yanakubali maji mara ya pili, na mimi huipenda ya pili kuliko ya kwanza. Kijiko kikiwa na gramu 2, robo kilo inatoa vikombe 125 vya mara ya kwanza, yaani Sh 72 kikombe. Nauza Sh 500. Hapo sina malalamiko.

Lakini matumizi yaliyonilipa zaidi hayana moto kabisa. Vijiko vitano vya majani kwenye lita moja ya maji safi, ndani ya friji, kuanzia jioni mpaka asubuhi. Maji baridi hayavuti uchungu, yanavuta utamu na harufu. Machi zabibu zilipojaa sokoni nikawa naponda kikombe kimoja cha zabibu nyekundu, nachuja, nachanganya na chai ile pamoja na limau na kijiko cha asali ya Manyoni. Jua la saa saba la Mtumba, vumbi la magari, halafu mtu anapewa bilauri ile! Lita tano zilikuwa zinaisha kabla wali haujaiva. Nilijaribu na ubuyu pia. Ladha nzuri, ila unga wake unazama na wateja wanadhani kinywaji kimechacha.

Jikoni nimeijaribu kwa namna nyingi na si zote za kusimulia. Perege wa Mtera ndio walionishangaza. Wana ile harufu ya tope la bwawa, na wateja wengine huwakataa kwa sababu hiyo. Nikiwachemsha kidogo kwenye chai nyepesi yenye tangawizi na chumvi, dakika tano, kisha nikawakausha na kuwakaanga, harufu inapungua sana. Ladha ya chai huioni. Sasa ndiyo kawaida yangu. Pia nimeufanya wali: maji ya kupikia nusu yake chai, iliki mbili, hakuna nazi. Unatoka na kijani kidogo na harufu ya mbali, unapendeza na kuku wa kuchoma. Kwa nazi usithubutu, rangi inakuwa ya kusikitisha.

Halafu kuna kiporo. Mpwa aliniambia Wajapani humwagia chai ya kijani ya moto juu ya wali uliolala, wakaweka samaki au kachumbari ya chumvi, wakala. Baba Neema akasema huko ni kumtesa mtu aliyekwisha kulala na njaa. Nikamfanyia hata hivyo: kiporo cha wali wa Kyela, dagaa wa kukaanga, pilipili, chai ikamwagwa juu. Akala akamaliza, hakusema kitu, kesho yake akauliza kama kuna wali umebaki.

Nililoharibu ni keki. Niliona picha za keki za kijani kibichi nikadhani ni chai hii hii imesagwa. Nikaisaga kwenye blenda, nikachanganya na unga. Ilitoka rangi ya udongo, inakwaruza meno kama umekula mchanga. Ile ya kwenye picha ni matcha, chai ya unga ya Kijapani, na ni kitu kingine: mti hufunikwa usipate jua kwa wiki kadhaa kabla ya kuchuma, jani huondolewa vikonyo na mishipa, ndipo hubaki laini la kusagwa kama poda. Majani ya kawaida hata uyatwange mpaka jioni hayafiki huko. Unga kilo moja, mayai sita, vyote vikaenda kwa kuku.

Afya sasa, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza bandani. Kitambi hakijaenda popote. Nimepima mwenyewe, kilo zangu Februari na Julai ni zilezile. Mpwa akanionyesha kwamba taasisi ya Cochrane mwaka 2012 ilikusanya tafiti za chai hii na kupunguza uzito, ikaona kinachopungua ni kidogo kiasi cha kutokuwa na maana. Kwa upande wa pili, uko utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa 2006, ulifuatilia watu 40,530 kwa miaka mingi, ukaona kwa wanaokunywa vikombe vingi kwa siku vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilikuwa vichache zaidi, hasa kwa wanawake, ila kwa saratani hakukuonekana tofauti. Nami najiambia Wajapani hao pia wanakula samaki na wanatembea. Kitu ninachokiona kwangu ni cha wazi zaidi: nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko kumi na viwili. Vitatu kati ya vikombe hivyo sasa ni vya kijani bila sukari. Kama kuna faida mwilini mwangu, nadhani iko hapo.

Kuna moja nawaambia wateja wote, hasa wanawake. Chakula chetu cha huku, ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, madini yake ya chuma ni ya mimea, na chai inayazuia yasiingie mwilini vizuri. Ukila ukashushia na chai, umejipunguzia damu kwa mkono wako. Mimi nainywa saa moja au mbili baada ya kula. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji au juisi ya chungwa, asithubutu kwa chai ya rangi yoyote. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Na ndugu zetu wa Singida wenye visima vya floraidi nyingi, jani la chai nalo lina floraidi yake, kwa hiyo vikombe visiwe vya mashindano. Vidonge vya chai ya kijani vinavyouzwa mitaani mimi sivigusi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kwa dozi kubwa vinaweza kuumiza ini, jambo ambalo kikombe cha kawaida hakina.

Nilijifunza pia kwa tumbo na usingizi wangu. Ukiinywa alfajiri kabla ya kula chochote inatia kichefuchefu. Ukiinywa saa tatu usiku utahesabu mabati. Ina kafeini, ndogo kuliko ya kahawa, lakini inatosha kumkesha mtu anayeamka saa kumi kukanda chapati.

Kifurushi chenyewe nakipa alama sita kwa kumi. Majani ni mazuri kuliko nilivyotegemea kwa bei ile, ila nusu yake ni vikonyo, mfuko haufungiki tena ukishafunguliwa, na hakuna tarehe ya kuchumwa, kuna ya kuisha tu. Hilo la mfuko limeniuma. Majani haya yanavuta harufu ya chochote kilicho jirani, na mimi niliuweka kabatini karibu na dagaa. Gramu kama hamsini za mwisho zinanukia Mwanza. Nimezihifadhi za kuchemshia perege. Kifurushi kijacho nitanunua cha gramu 100, nikihamishie kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Yule kijana wa ofisini, nisisahau, amerudi kwenye ya kijani. Anaiwekea sukari vijiko viwili. Nimemwacha.