TAHADHARI WADAU: huyu muuza amplifaya ni tapeli, msinunue kwake

Wadau, nimeibiwa mchana kweupe na aliyeniibia bado yuko dukani anauza. Nilihangaika sana kutafuta amplifaya (kikuza sauti) ya chaneli nne, yaani yenye njia nne za kutolea sauti, kwa ajili ya spika nne za milango ya gari langu, mpaka nikaelekezwa kwake.

Nimefika, jamaa hana papara hata kidogo. Akatoa mita, akapima spika zangu moja moja mbele ya macho yangu, zote zikasoma karibu na omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), akaandika kwenye karatasi. Akaiweka amplifaya juu ya kaunta, akaiunga kwenye betri, akafungulia muziki mpaka kioo cha kabati kikawa kinatetemeka. Akanionyesha kwa kidole: WATI 3000, herufi za dhahabu. Risiti akanipa, ina mhuri. Sasa fundi anayepima kabla hajafunga, anayekukatia risiti bila kuombwa, ungemshuku kwa lipi? Na aliyenielekeza kwake ni mtu ninayemheshimu, naye kalizwa vilevile.

Kisha akasema, "Bosi wangu, hizi nakubrijia, nguvu inakuwa maradufu." Kubriji ni kuunganisha chaneli mbili zifanye kazi kama moja. Akachukua spika mbili za kushoto, akaziunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akazitia kwenye chaneli mbili alizozibriji. Kulia vivyo hivyo. Spika mbili za omu 4 ukiziunga hivyo zinabaki omu 2, na ukibriji kila chaneli inabeba nusu ya hapo, yaani omu 1! Omu zikishuka, amplifaya inavutwa umeme mwingi kupita uwezo wake na inachemka. Pale pale chini ya skrubu alizokuwa anakaza pameandikwa: ikibrijiwa, isishuke chini ya omu 4. Maandishi yalikuwa yanamtazama, yeye ananichekea. Mshenzi kabisa.

Sijafika mbali, sauti ikakatika. Taa nyekundu. Ikarudi, ikakatika tena, halafu harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Amplifaya haishikiki kwa moto. Spika ya mlango wa dereva inakwaruza tu, koili imeungua. Kumrudia, ananiambia, "Umezidisha sauti." Nikidai hela yangu, ananiita mkorofi mbele ya wateja. Sasa hivi simu hapokei.

Mtu kama huyu afungiwe duka, afikishwe polisi, alipe kila alichoharibu. Gari hilo linabeba watoto!

Dalili zilikuwepo. Fyuzi ya amplifaya yenyewe ni moja tu, ya ampea 25. Zidisha kwa volti 14.4, unapata wati 360 zinazoingia. Hizo 3000 zinatoka wapi? Waya wa umeme mnene kwa nje, ukikwangua kwa kisu ndani ni mweupe, alumini iliyopakwa shaba. Na karibu na betri hakuweka fyuzi yoyote, waya umekwenda mpaka kwenye buti hivyo hivyo. Kubriji kunataka spika moja ya omu 4 kwa chaneli mbili, chanya ya chaneli moja na hasi ya nyingine. Ukiwa na spika nne na chaneli nne, kila spika ipewe chaneli yake, basi. Lakini mtu anayejua yote haya na bado anakufungia bomu garini, huyo ni wa jela, si wa kusamehewa!

Mwenye risiti ya duka lile aniandikie faragha, tuyapeleke malalamiko polisi kwa pamoja. Safari hii hachomoki.