Nyuzilandi: Twende Wakati wa Kaskazi au wa Kusi?

Mtu wa Lamu anayepanga safari ya Nyuzilandi hana budi kukumbuka kwamba nchi hiyo iko mbali kusini mwa dunia, hivyo majira yake ya joto huwa Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma kwetu, na baridi hushika Juni hadi Agosti, wakati wa kusi.

Majira ya joto yana faida kubwa. Mjini Queenstown jua la Desemba huchwa karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo msafiri huweza kutembea milimani kutwa na bado akaiwahi Magharibi bila haraka, ingawa anayefunga sunna ajiandae. Kero ni umati, kwani shule za huko huwa zimefungwa Januari karibu yote na vyumba hupanda bei.

Baridi inawafaa wapenda theluji. Mwezi Juni jua huzama saa kumi na moja jioni, na barabara ya kwenda Milford Sound, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, huweza kufungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Aliyezoea kikoi atalazimika kununua koti zito. Mimi ningechagua mwisho wa Februari, wanafunzi wakiwa wamesharudi darasani na bahari ingali na joto.