Uzoefu wangu: sabufa ya inchi 10 kwenye sebule ya Kitangiri, Mwanza

Nazungumzia sabufa, yaani spika ya besi, yenye amplifaya yake ndani, spika moja ya inchi 10, na tundu la hewa kwa nyuma. Sebule ni mita 5 kwa 4, chini vigae, juu jipsamu na bati. Besi yake ni safi na inashuka chini vizuri. Kilichoniudhi ni karatasi moja tu ya maelekezo ndani ya boksi, na muuzaji aliyesema "weka kona, inapiga zaidi".

Kona kweli inaongeza besi, lakini inaikuza zaidi ile ambayo chumba chenyewe tayari kinaikuza. Kwenye urefu wa mita 5, sauti ya karibu hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde) inajirundika. Kwenye upana wa mita 4, karibu hezi 43. Gitaa la besi likigusa hapo, nyumba nzima inavuma, likihama kidogo tu, besi inapotea. Watu wengi hapo hulaumu sabufa.

Dawa yake ni hii. Ipandishe sabufa juu ya kochi, pale pale unapokaa. Weka wimbo ambao gitaa la besi linatembea. Rumba inafaa kuliko singeli. Kisha tambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa chini usawa wa spika. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa uzito mmoja, ndipo pa kuiweka. Kwangu palikuwa sentimita 90 kutoka kona, na nimeacha sentimita 15 nyuma ili tundu lipumue.

Kwenye risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, spika za mbele ziandike kuwa ndogo na ukate kwenye hezi 80, ili besi iliyo chini ya hapo iende kwenye sabufa. Krosova ya sabufa yenyewe, kitufe kinachoamua besi yake iishie hezi ngapi, izungushe hadi mwisho wa juu. Ukiiacha katikati, sauti inakatwa mara mbili na sehemu ya besi inakosekana kabisa. Swichi ya fezi, 0 na 180, inayofanya sabufa isukume hewa pamoja na spika nyingine au kinyume chake: kaa kwenye kochi, mwenzako aibadilishe, chagua upande ambao besi imejaa. Sauti ya sabufa anza na robo. Kiwango kimefika pale ambapo ukiizima unaona pengo, lakini ikiwaka huwezi kunyooshea kidole inakotoka.

Mwanzoni sabufa ilinguruma mfululizo hata bila muziki. Nilichomoa vifaa kimoja kimoja. Nilipotoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, kimya. Umeme ulikuwa unazunguka kupitia ethi mbili, yaani njia mbili za kwenda ardhini. Kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja kulipunguza sana, na kuunganisha waya wa dishi na ethi ya nyumba kulimaliza. Tafadhali usikate pini ya ethi ya plagi; ile ndiyo inayokulinda na shoti.

Vigae havitikisiki, ila sabufa yenyewe huteleza kidogo kidogo. Kata ndala kuukuu vipande vinne, weka chini ya miguu. Madirisha ya aluminiamu nayo hulia. Kipande cha mpira kwenye reli ya kioo kinatosha.

Jambo la huku kwetu ziwani: vijidudu vikija kwa wingi jioni hufuata taa na kuingia kwenye tundu la hewa, vinakauka humo. Nafunga kipande cha chandarua kwa raba bendi, nakivua kabla ya kuwasha.