Miezi mitano ya uhasibu kwenye simu, nikiwa soko la Kadutu

Nauza unga, mafuta na sabuni katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kabla ya Januari 2024 hesabu zangu zote zilikaa kwenye daftari moja la shule: upande wa kushoto waliolipa, upande wa kulia wenye madeni, na yaliyobaki nilibeba kichwani. Kichwa kilifanya kazi kuliko daftari. Niliposikia kuna kozi ya uhasibu kwa wanaoanza, inafundishwa kwa Kifaransa kwenye intaneti na walimu walio Ufaransa, nikaitaka. Jina sitalitaja, kwa sababu mengi nitakayolalamikia hapa si dhambi yao peke yao.

Bei ni euro 45 kwa miezi mitano. Mtihani wa kwanza ulikuwa kulipa. Wao wanapokea kadi ya benki tu, na mimi pesa zangu ziko kwenye simu. Binamu yangu aliye Ubelgiji akanilipia kwa kadi yake, nami nikampelekea mama yake dola taslimu kule Bagira. Mama akazihesabu mara mbili, akaninyooshea noti moja iliyochanika pembeni: "Hii urudi nayo, mwanangu." Hata shangazi yako hapokei dola iliyochanika.

Masomo yenyewe ni mazuri, nisiwe mwizi wa fadhila. Video ni za dakika nane hadi kumi na mbili, mwalimu anaongea taratibu, anarudia, hajisikii. Debiti na krediti, pande mbili za kila hesabu, maneno niliyokuwa nayaogopa tangu shuleni, niliyaelewa wiki ya pili nikiwa nimekaa juu ya gunia. Mteja akichukua unga kwa deni, unaandika mara mbili: yeye kwenye debiti ya 411, ndiyo namba ya hesabu ya wateja, na mauzo kwenye krediti. Kila kitu kina kilikotoka na kina kilikokwenda. Siku hiyo hiyo nilimwandika mama mmoja ambaye kila mwezi ananiambia "nilikulipa, umesahau". Nilipomaliza niliona nimemfunga kamba miguu yote minne.

Video nilikuwa napakua usiku, maana mega za usiku ni rahisi, halafu mchana naangalia bila intaneti. Umeme ukikatika unachaji kwa jirani mwenye sola. Hayo kila mtu wa Bukavu anayajua, sina haja ya kuyapigia kelele.

Shida kubwa ilianza mwezi wa pili, na ilianza na mteja. Kuna mzee mmoja, mhasibu aliyestaafu, ananunua mafuta kwangu. Siku moja anangoja chenji, akaona daftari langu limefunguliwa.

"Mama, hii 53 umeitoa wapi?"

"Ni sanduku la pesa, Papa. Pesa taslimu."

"Kwetu sanduku ni 57."

Sikumbishia, lakini sikumwamini pia. Usiku nikarudi kwenye video, mara tatu, nikamaliza mega zangu. Mwalimu anasema 53, imeandikwa 53. Basi nikajiambia: nimeanza vibaya, kuna kitu sijakishika. Ndiyo kazi ya kuwa mgeni katika somo. Kitu kisipolingana, unajishtaki wewe kwanza.

Wiki iliyofuata Papa alikaa kwenye kiti cha plastiki akanieleza. Ufaransa wana mpango wao wa hesabu, yaani orodha ya namba za kila hesabu. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, tuko nchi 17, na mpango wetu uliorekebishwa ulianza kutumika mwaka 2018. Mipango hiyo miwili ni kama watoto wa mama mmoja. Wateja ni 411 huku na huku, wauzaji wanaotudai ni 401 huku na huku, ndiyo maana nilidanganyika. Lakini bidhaa ninazonunua ili niuze, mwalimu wangu anaziandika 607, sisi 601. Mauzo yake 707, yetu 701. Benki yake 512, yetu 52. Hata TVA, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye mazoezi ni asilimia 20, wakati hapa ni 16. Vinavyofanana ndivyo vinavyokupoteza. Kama vingekuwa tofauti vyote, ningeuliza mapema.

Nikarudi kwenye kozi na akili mpya. Jaribio la mwezi wa tatu likauliza hesabu ya pesa taslimu, nikaandika 57 kwa kujiamini kabisa. Sufuri. Mashine haijui Bukavu. Tangu siku hiyo nikawa na mikono miwili: kwenye jaribio 53, kwenye daftari 57. Kalamu nyekundu kwa ajili yao, ya bluu kwa ajili yangu.

Halafu kuna darasa la moja kwa moja na mwalimu kwenye skrini, kila Jumanne, saa moja usiku ya Paris. Wakati wa baridi yao, sisi tuko mbele yao kwa saa moja, kwa hiyo mimi nilikuwa naingia saa mbili. Nimezoea, watoto wameshakula, nimekaa. Jumanne baada ya Pasaka nikaingia saa mbili kamili, nikakuta watu wanaagana. Nikafikiri darasa limefupishwa, au nimefutwa kwa sababu ya ile sufuri. Kumbe Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, Ulaya walisogeza saa zao mbele. Sisi hatusogezi kitu, kwa hiyo saa zao na zetu zikawa sawa, na darasa lilianza saa moja yetu. Kwao ni jambo la kila mwaka, hakuna anayeona haja ya kulisema. Nilipoandika kuuliza, jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima, likiniambia "saa ni ileile". Kweli, kwao ni ileile.

Na Excel, programu ya kupigia hesabu? Mtoto wa dada yangu aliniazima kompyuta yake ya mkono wa pili, iliyopangwa kwa Kiingereza. Ili kujumlisha, mwalimu anaandika SOMME, nami naandika SOMME, kompyuta inanijibu #NAME?. Jioni nzima. Nilihesabu mabano, nilibadilisha nukta. Mtoto akaja, akaangalia sekunde mbili: "Mama mdogo, hii inataka SUM." Akaenda zake kucheza mpira.

Sasa nitoe hukumu yangu. Kama una miaka ya shule kidogo, unajua Kifaransa, na unataka kuelewa kwa nini hesabu huandikwa mara mbili, kozi ya namna hii inafaa, na 45 si pesa nyingi kwa kitu kile. Lakini usiingie bila mtu wa hapa wa kumuuliza. Mimi nilimpata kwa bahati, kwa sababu ya chenji. Na kabla hujalipa, muulize mtu huyo unahitaji nini. Papa aliniambia mwezi wa nne, akijua nimeshachoka, kwamba OHADA ina mfumo mdogo kwa biashara ndogo sana: unaandika pesa iliyoingia na pesa iliyotoka, basi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mwanzoni. Akasema nilikuwa ninafurahi sana.

Nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne ningewapa kama wangeandika mahali popote, hata kwa herufi ndogo, kwamba namba zao ni za Ufaransa.

Mwezi wa sita cheti kikaja kwa barua pepe. Nikaenda kukichapisha kwa rangi Nyawera, nikakileta sokoni kumwonyesha Papa. Akakisoma kutoka juu mpaka chini, hakusifu. Akauliza sanduku ni ngapi. Nikasema 57. Usafiri? 61. Na pesa ya kwenye simu?

Hiyo kozi haikuigusa hata siku moja. Mimi niliitafuta mwenyewe kwenye orodha ya OHADA, maana nusu ya wateja wangu wanalipa hivyo: pesa ya kielektroniki, simu ya mkononi, ina namba yake.

Papa akachukua mafuta yake, akatoa simu, akalipa. Nikaandika 552.