Sanduku la bastola chini ya kiti cha dereva: uzoefu wangu wa miezi 10, Tanga

Sanduku hili nililinunua kwa sababu ya kijana muosha magari. Jumamosi moja niliacha Probox yangu ikioshwa pale Chumbageni, nikavuka barabara kwenda kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, kijana akanifuata mezani. Hakupaza sauti. Aliniinamia sikioni: "Mzee, kwenye dashibodi kuna kitu chako. Sijakigusa."

Nilisimama, miguu haina nguvu. Bastola yangu, tena ikiwa na risasi, ilikuwa kwenye droo ya dashibodi pamoja na vitambaa na risiti za mafuta, na funguo nilikuwa nimemkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Kijana ana adabu yule, Mungu ambariki. Lakini wiki ileile gari lilikuwa limepelekwa kwa fundi wa breki, na siku mbili kabla ya hapo mpwa wangu alikuwa amempeleka bibi yake hospitali ya Bombo. Wote hao waliendesha gari lenye silaha yangu bila kujua.

Mimi nanunua machungwa Muheza, vijiji vya Mkuzi na Kicheba, na nazi Pangani. Simu zimepunguza kubeba pesa, ila mkulima wa shambani bado anataka noti mkononi, ndiyo maana niliomba leseni ya bastola. Ninaimiliki kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na dhamana yake ni juu yangu mimi niliyepewa leseni. Gari haliwezi kuniwekea dhamana hiyo.

Basi nikaingia Kariakoo kutafuta. Nilichopata ni sanduku la chuma lenye unene wa kama milimita 1.5, urefu sentimita 24, upana 17, kina 5, likiwa na sponji ndani, waya wa chuma wa kufungia, na kufuli la kuzungusha tarakimu tatu. Nililipa shilingi 185,000. Muuzaji alinisukumia sana lile la alama ya kidole, lenye bei karibu mara mbili, nikakataa. Kwanza, msimu wa machungwa vidole vyangu vina utomvu na vumbi mchana kutwa. Pili, nilikuwa nimesoma habari ya Marekani: Oktoba 2023 mamlaka yao ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa masanduku ya kidole yapatayo 61,000, kwa kuwa mteja akidhani ameshaandikisha kidole chake kumbe bado, lilikuwa linafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Kulikuwa na taarifa ya mtoto wa miaka 12 aliyekufa. Mimi nina wajukuu. Kufuli la kuzungusha halina betri ya kufa kwa joto la gari lililoegeshwa juani, na halina cha kuandikisha.

Ule waya ndio unaouza sanduku, na ndio wa kuutilia shaka. Fundi wangu wa kuchomelea, Ngamiani, aliuangalia, akaingia ndani akatoka na mkasi wa kukatia nondo. "Niukate?" Nikamwambia kata. Ulikatika kwa mbano mmoja, mbele ya macho yangu. Mwizi angeondoka na sanduku zima kwapani akalifungue kwake kwa nafasi yake. Tarakimu tatu zina michanganyiko 1,000 tu, na mtu mwenye subira anaimaliza kwa jioni moja.

Kwa hiyo fundi alikata bamba la chuma, akalibana kwa bolti zilezile za mbele zinazoshika reli ya kiti, kisha sanduku likafungwa juu ya bamba kwa bolti nne zenye nati zilizoingia ndani. Likiwa limefungwa huzifikii. Hakutoboa sakafu, na nawe usikubali itobolewe ovyo, kwani chini ya gari hupita mabomba ya mafuta na ya breki. Kama kiti chako kina nyaya za mifuko ya hewa, mwambie fundi mapema ili asizikandamize. Kabla hujalipa, kaa, sukuma kiti mbele na nyuma mpaka mwisho. Changu mara ya kwanza kilikwama, ikabidi bamba likatwe upya. Kazi yote ilikuwa shilingi 40,000, na naiona ni hela iliyofanya kazi kubwa kuliko ile ya sanduku lenyewe.

Sasa matumizi. Nikiwa naendesha, bastola iko kiunoni ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, mkanda wa gari ukipita juu ya nyonga bila kuikandamiza. Kutoka Tanga hadi Segera, kilomita sabini na kitu, ala ya nyuma ya nyonga iliniumiza mgongo mpaka nikaelewa kwa nini wenzangu wengi huichomoa wakaiweka pajani au kwenye mfuko wa mlango. Nawaomba waache. Pale Pongwe bodaboda alinikatizia ghafla, nikakanyaga breki, na chupa ya maji iliyokuwa kitini ikaruka ikaviringika hadi chini ya kanyagio. Mara ya pili breki haikushuka yote. Ilikuwa chupa ya plastiki ikabonyea. Kitu cha chuma hakibonyei. Na mtu akiona kitu kinateleza huinama kukidaka, kidole kikatangulia kwenye triga. Mimi nilisogeza ala mbele kidogo, nikafanya mazoezi ya kukaa na kufunga mkanda silaha ikiwa tupu, hadi maumivu yakaisha.

Sandukuni inaingia pale tu ninapokwenda mahali nisipopaswa kuingia nayo: benki, msikitini, ofisi ya serikali. Na jambo nililojifunza ambalo muuzaji hakunieleza: usiichomoe kwenye ala. Itoe pamoja na ala yake, uiingize hivyohivyo, mdomo ukielekea mbali na miguu yako. Kila unapoishikashika bila ala ndani ya gari finyu unafungua mlango wa ajali. Kwa hiyo pima sanduku kwa bastola ikiwa ndani ya ala. Langu linaitosha kwa kubana, kina cha sentimita 5 ni kidogo, hapo nimelipunguzia alama. Tena ihamishe kabla hujafika unakokwenda. Ukiinama chini ya kiti mbele ya vijana wa maegesho, umeshawaambia kila kitu.

Hewa ya bahari ndiyo iliyolionea zaidi. Mwezi wa tatu wa kulitumia nilifungua nikaona madoa ya kahawia kwenye bawaba, na siku ileile madoa kama mbegu za ufuta karibu na mdomo wa bastola. Kosa ni la sponji: inanyonya unyevu wa pwani na kuushikilia pale inapogusa chuma. Niliing'oa yote, nikatandika kipande cha mpira, naweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, navibadilisha kila mwezi. Silaha naipaka mafuta yake kila wiki. Madoa hayajarudi. Kwenye vumbi la njia za mashambani kufuli lilianza kuwa zito, nikalipuliza na kulitilia tone la mafuta, likarudi. Usiku tarakimu hazionekani kabisa, lazima uwashe taa ya ndani.

Kosa moja ni langu, na nalieleza ili mwingine asilirudie. Leseni nilikuwa naiweka humohumo sandukuni. Usiku mmoja, njia ya Muheza, askari walinisimamisha, nikasema nina silaha, wakaomba leseni. Hebu fikiria: giza, dereva anataka kuingiza mkono chini ya kiti. Yule afande alirudi nyuma hatua mbili, na alikuwa na haki. Sasa leseni iko mfuko wa shati. Nikisimamishwa nazima gari, nawasha taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani, namsalimu, kisha: "Afande, nina bastola yenye leseni, iko kiunoni upande wa kulia. Nifanyeje?" Nangoja aniambie. Mara zote nne tumeachana kwa heshima.

Horohoro sivuki nayo, siku za Kenya inabaki nyumbani. Na gari halilali nayo hata usiku mmoja. Nikifika, kabla ya chakula natoa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, kisha navuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, natazama chemba inamokaa risasi na kuigusa kwa kidole, mdomo ukielekea kwenye ndoo ya mchanga iliyo kona ya chumba. Bastola inaingia kwenye sefu iliyopigwa bolti ukutani, risasi kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo wake. Mke wangu huniuliza tu, "Umeshaiweka?" Kabla ya muosha magari hakuwa akiuliza.

Nalipatia sanduku hili nyota nne kati ya tano likiwa limefungwa kwa bolti. Kwa ule waya wake, moja. Ukienda kununua, nenda na ala yako tupu mfukoni na vipimo vya nafasi ya chini ya kiti chako, ujaribu palepale dukani. Na ufunguo wa akiba unaokuja nalo usiuache ndani ya gari.